Kilomita Arobaini kwa Saa

Kipaza sauti cha kata kina king'ora chake,
kitufe chekundu. Usikiguse, aliniambia mtendaji,
akapanda gari la wilaya, akaenda kikaoni.
Nikabaki mimi, Somoe, mhudumu wa chai na mafaili,
na karatasi moja yenye muhuri:
tahadhari kubwa, upepo mkali unaozidi
kilomita arobaini kwa saa,
mawimbi yanayozidi mita mbili, mvua kubwa,
ukanda wote wa pwani, Lindi na Mtwara.
Kwenye ramani tumepakwa rangi ya chungwa bivu,
sisi na visima vyetu na makaburi yetu.

Nilianzia Ndoro, nikapandisha Mtanda.
Betri zilikuwa za redio ya shemeji,
zinazirai kila nusu sentensi,
hivyo *mvua* ilitoka kwa kishindo
na *tahadhari* ikatoka kama chafya ya paka.

"Kilomita arobaini ni wapi na wapi?"
Bi Esha Mnali, vidole vimebabuka kwa chumvi.
Ni kwenda Mingoyo na kurudi, nikasema.
"Kwa saa nzima? Mbona bodaboda ya Chande
inaupita huo upepo wako, tena imepakia mahindi."
Kicheko kikazunguka banda la chumvi
kama bakuli la kashata.
Pikipiki haipiti chini ya bati, Bi Esha.
"Mwaka juzi ulitulaza shuleni,
madawati yakatuvunja viuno, mbu wakala karamu.
Likaja? Halikuja. Liligeukia Msumbiji bila hata kutuaga."

Ni kweli, liligeuka.
Sikumwambia kwamba huko lilikogeukia
kuna ndugu wa mama yangu, ng'ambo ya Ruvuma,
na kwamba *halikuja*
ni neno la upande mmoja wa mto.

Nikaendelea. Fungeni madirisha.
Vyeti vya watoto vitieni kwenye nailoni.
Wekeni kitu kizito juu ya paa, mawe, mchanga, chochote.
Nilisema mpaka sauti ikawa ya mtu mwingine,
mtu anayejua mambo,
na saa kumi na moja mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria
nilipokumbuka, nikiwa mbali na Mikumbi,
kwamba mimi pia nina paa:
mabati manane, misumari ya kuazima.

Nilikimbia na kipaza sauti kikinigonga nyonga.
Kikabonyea. King'ora kikalia njia nzima.
Watu waliokuwa hawajaamini
wakaanza kuingiza mbuzi ndani.

Nyumbani, ngazi ya msikiti imeegemea ukuta wangu.
Juu ya bati, viroba vitatu vya chumvi ya Bi Esha,
ile aliyokuwa akimngojea nayo tajiri wa Masasi.
Cha nne kimepasuka mlangoni,
kuku anadonoa na kujuta.

Upepo ulitangulia, mvua ikaufuata.
Bati liliinuka, likalala, likainuka,
kama kifua cha mgonjwa asiyetaka kwenda.
Na chumvi ikaanza kuyeyuka.
Usiku kucha nilisikia uzito ukipungua,
tone kwa tone kwenye mchirizi,
nikahesabu: bado kiroba kimoja na nusu,
bado kimoja,
bado kama kilo ya ugoro.
Alfajiri chumvi iliisha.
Upepo nao ukaisha.

Asubuhi nilijaza fomu ya wilaya.
Nyumba zilizoezuliwa: kumi na moja.
Miti. Mifugo. Majeruhi.
Nikaipindua nyuma,
hapakuwa na safu ya chumvi.

Bi Esha alikuja kuchukua viroba vyake,
akavikung'uta, akavikunja vinne, kwapani.
"Huo upepo wako," alisema, "nadhani ulifika Mingoyo."
Nikachota maji kwenye pipa la mchirizi,
nikainjika chai, nikammiminia.
Alionja. Akakunja uso. Akakisukuma kikombe kwangu.
"Hii ni yangu," akasema.
"Na bei yake unaijua."