Bei ya Kununua, Bei ya Kuuza

Mama yetu Vanda alibadilisha fedha miaka ishirini na mitatu
katika kibanda kando ya stendi ya mabasi, Kaunas:
kioo kinene, kitundu cha kupitisha mkono,
hita ya umeme miguuni tangu Oktoba.
Marki, zloti, rubli, dola zenye joto la mifuko ya watu.
Alijua jambo moja kuliko wenye benki:
fedha ikivuka dirisha haivuki nzima.
Kuna bei ya kununua, kuna bei ya kuuza,
na ufa ulio kati yake
ndimo tulimopikia supu.

Alipokufa, mimi na Ugnė tulikuta daftari
chini ya mkebe wa vifungo.
Tulidhani ni madeni.
Kumbe ni watu.

Amepiga safu kwa rula, kama ubao wa viwango.
Ya kwanza, majimaji manne ya waganga wa kale:
damu, belghamu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi.
Ya pili, herufi nne za Wamarekani.
Ya tatu, aina kumi na sita za huku kwetu,
zilizopigwa taipu kwa karatasi ya kaboni
na kusomwa jikoni, mapazia yameshushwa.
Ya nne, namba tisa za kwenye duara.
Ya mwisho ameandika "nyota", akaikata,
akaiandika tena.

Bi Leokadija wa ghorofa ya tatu: belghamu, tisa.
Hukopesha chumvi, harudishiwi, hasemi.
Shangazi Stefa: nyongo ya manjano, nane.
Mpe noti ndogondogo azihesabu mwenyewe.
Ugnė: damu, saba.
"Ona," Ugnė akacheka, "hata kaburini ananidai utulivu."
Mimi ni mbili. Kando ya mbili kuna alama ya kuuliza
ambayo bado sijaijibu.

Pembeni, kwa wino mwekundu, onyo:
*Kwa mtu anayeishi ndani ya nafsi yake
herufi ya mwisho hugeuka ikivuka mpaka.
Kule husoma mkono anaokunyooshea,
huku husoma mkono aliouficha.
Usinakili. Badilisha.*

Halafu mstari wa baba. Zenonas, fundi lifti.
Hapo karatasi imetoboka kwa kufutwa.
Kwa Wamarekani baba ni mtu wa ratiba,
kwetu ni mtu wa labda.
Amemtoa kwenye herufi, akampeleka kwenye namba, akapata tano;
tano akaibadilisha kwa nyongo nyeusi,
nyongo akairudisha kwenye herufi,
na aliyerudi si yule aliyeondoka.
Noti ya mia uizungushe hivyo kutwa,
dola, marki, zloti, dola,
jioni utabaki na sarafu
na shukrani za mwenye kibanda.

Chini yake, kwa penseli:
*Pungufu. Kila usiku hugeuza viatu vyangu
vitazame mlangoni, nisihangaike asubuhi.
Hajaambiwa. Hakuna safu.*

Tulimpelekea daftari Jumapili.
Alisoma taratibu, akilamba kidole kila ukurasa,
hakushtuka alipojiona ametobolewa.
Alikuwa anamtafuta mwingine.
Alifika mwisho, akaanza upya.
"Yeye mwenyewe hayumo," akasema.

Hayumo kweli. Majina mia na arobaini, Vanda hayumo.
Ugnė akasema mama alikuwa nane, wazi kabisa.
Mimi nikasema sita: nani mwingine
angeficha funguo za akiba mahali patatu?
Tukabishana kwa herufi, kwa nyongo, kwa duara,
kila mmoja na ubao wake wa viwango,
hadi muuguzi akachungulia.

Baba alingoja tuchoke.
Kisha akaweka ukucha juu ya karatasi,
si kwenye safu yangu, si kwenye ya Ugnė,
bali katikati, pasipo wino,
pale palipokuwa na doa kavu la supu.