Sababu: Upepo

Punta Arenas, mwezi wa Juni. Jua hutoka saa nne,
kengele hulia saa mbili,
kwa hiyo sote huingia shuleni usiku
kama wezi waliopewa ratiba.

Mlangoni yupo Bwana Rosamel, kaushika kwa mikono miwili,
maana mlango huu ukiachwa peke yake
utang'oka uende zake Ajentina.
"Haraka, mwalimu," anasema, nami napita ubavu-ubavu
nimekumbatia mitihani thelathini na minane
isiyosahihishwa.

Ofisini: hita ya gesi, birika, mashine ya kurudufu
inayomtii Eduvina peke yake.
Sisi wengine huibembeleza, huipiga makofi, huitishia kuiuza;
yeye huigusa tu kwa goti, pale chini kulia,
nayo hutapika karatasi.
Mhasibu Kusanović anahesabu chaki. Kweli, anazihesabu.
Mwalimu wa historia anatafuta kikombe chake
na mwalimu wa michezo anakinywea mbele ya macho yake.

Eduvina Barría ana miaka thelathini na mmoja katika kiti hicho,
mto wa sufi chini, shali mabegani,
na mbele yake daftari la wachelewaji:
jina, darasa, saa, sababu.
Kawia ufike, walisema wahenga;
ila wahenga hawakuwahi kuwa na mkuu kama Oyarzún,
anayetaka sababu, tena iwe fupi,
ienee kwenye kisanduku.

Jana nilitumwa stoo kutafuta ramani.
Nikakuta madaftari ya zamani, yamefungwa kwa kamba ya kiatu.
Nikafungua la mwaka ule. Binadamu hujitafuta mwenyewe kwanza.
Nilikuwamo. Kidato cha pili B.
Saa mbili na nusu: upepo.
Saa mbili na dakika arubaini: upepo.
Saa tatu kasorobo. Upepo.
Miezi minne ya upepo, kwa mwandiko ulioinama
kama miti yetu inavyoinama, yote upande mmoja.

Upepo gani?
Nilikuwa kiwandani nikimenya kaa tangu saa tisa usiku,
zamu ya mama, jina la mama, aproni ya mama,
mama mwenyewe kalazwa na mapafu yake.
Nilinuka. Nilisimama kwenye dirisha hili hili,
vidole vimechanwa na miiba, nimevificha mifukoni,
na sikusema neno.
Naye hakuuliza. Alinitazama hadi ndani ya mifuko,
akagonga muhuri, akasema, "Leo unavuma kweli,"
akanisukumia mkate uliopakwa jemu.

Mjini hapa hufunga kamba kandokando ya barabara
watu washike wasipeperushwe.
Nilidhani kamba ni zile tu.

Leo asubuhi nilishika dirisha;
Eduvina alikuwa anagombana na mashine.
Saa mbili na dakika hamsini akaja Yoselin Huenchur,
sweta kalivaa ndani nje, mikono imelowa hadi viwikoni.
"Sababu?" nikauliza,
kwa sauti ya Oyarzún. Niliisikia, nikaona haya.
Akatazama viatu vyake.

Nje, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka,
hakuna kilichotikisika. Bendera imelala mlingotini
kama tambara la kufutia vyombo.
Moshi wa kantini umepanda wima, hauna habari.

Nikaandika.

Eduvina akarudi, wino kidevuni.
Akasoma. Akaitazama bendera, akanitazama mimi.
"Mwandiko wako mbaya," akasema, "tangu utoto,"
akagonga muhuri mara mbili,
maana ile ya kwanza wino haukushika.