Kamba ya Milimita Tatu

Mwaka wa tatu, maabara ya udongo, Jumatatu.
Mwalimu Byamungu anatuambia tukunje mikono ya makoti
tusokote matope juu ya kioo
mpaka yawe kamba ya milimita tatu,
mpaka kamba ianze kukatika yenyewe.
"Hapo," anasema, "udongo umeacha utiifu."
Mpaka huo una jina refu la Kifaransa.
Sisi tunauita *pale unapokataa*.

Wenzangu walichota uani mwa chuo.
Wangu niliutoa Funu, ndani ya mfuko wa sukari,
niliuchimba nyuma ya jiko la mama
pale ukuta wa mbao unapokiegemea kilima
kama mgonjwa begani mwa jirani.
Kwenye kibandiko niliandika: *Sampuli ya 7.*
Sikuandika: hapa ndipo nilipojifunza kutembea.

Masomo mengine hayakuniumiza.
Nondo huvutwa, zege hukandamizwa,
kila kimoja kibebe kinachokiweza:
ndivyo wazazi walivyobeba karo yangu
hadi nondo ikabaki peke yake.
Katika upimaji, teodoliti ya zamani
iliipindua Kadutu nzima ndani ya lenzi,
nyumba zikaning'inia kama popo,
watoto wakapanga foleni wachungulie kwao.
Haidroliki: maji hayana haki wala hasira,
yana mteremko.
Na zege, siku ishirini na nane likomae.
Mugaruka, mwashi wa mtaani kwetu, huliachia nne;
mwenye nyumba anahamia Jumamosi.

Kisha ikaja sura ya miteremko.
Gawanya kinachoshikilia kwa kinachosukuma.
Moja na nusu: lala.
Moja: kesha.
Chini ya moja, mwalimu hakusema kitu, alifuta ubao.

Sampuli ya 7, ikiwa kavu: moja nukta tatu mbili.
Ikilowa: sifuri nukta tisa nne.
Nilirudia mara tatu, nikilitafuta kosa langu
kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni
huku anajua ameuacha ndani.

Mama alikuwa anasonga bugali.
"Mama, kilima kiko sifuri nukta tisa nne."
"Ni deni ao ni pointi za shule?"
"Ni kilima."
Mwiko ukazunguka, ukazunguka.
"Hii nyumba iko na miaka kumi na tisa.
Haijasoma hata siku moja, na iko inasimama."
"Tuhame."
"Tuende wapi? Nguba? Kule banauzisha udongo kwa dola."
Nilifungua daftari, nikalifunga.
Somo hilo halimo katika programu yetu.

Usiku huo, mimi na Zihindula, mdogo wangu,
na jembe moja la kuazima,
tulichimba mfereji juu ya nyumba,
asilimia mbili, si zaidi, usije ukala kingo zake.
Niliupima kwa mpira wa plastiki uliojaa maji,
yeye ameshika ncha moja, mimi nyingine,
tukiitana gizani: "Kwako?" "Bado." "Kwako?"
Mama Nsimire alitoka na taa yake, akacheka:
"Injinia wa matope!"
Kulipokucha akaja kuliuliza jembe.

Sikumwambia mama namba mpya.
Sina namba mpya. Nina mfereji.

Mtihani, swali la nne:
*Mteremko una kimo cha mita kumi na mbili.
Chukulia kwamba udongo ni mkavu.*
Juu yetu mvua ilikuwa inayapiga mabati
hata msimamizi akaacha kutangaza saa.
Fomula naijua. Moja nukta tatu mbili, dakika tano, alama kumi.
Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Nikainua mkono.
"Ndiyo, Cibalonza?"
"Nauliza tu, mwalimu,
mkavu kwa siku ngapi?"