Alama ya Pili

Nimetoa plagi zote nne, nikazipanga juu ya gunia la korosho
kwa mfuatano wake, moja hadi nne.
Fundi Mchopa alishanionya: ukizichanganya hizo,
gari halitakusamehe, wala mimi.

Tundu la kwanza naliziba kwa kidole gumba.
Esha, binti wa dada, anazungusha hendeli polepole,
ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano,
mpaka pumzi inanisukuma kidole.
"Hapo! Usiongeze!"
Landrova ya baba, mwaka wa nane haijakohoa,
imenipulizia.

Halafu platini. Fila sina.
Kipande cha pakiti ya sigara kinatosha,
kipite kwa kukwaruza kidogo, kama barua
inayosukumwa chini ya mlango wa mtu uliyekosana naye.
Halafu balbu, ya indiketa ya bodaboda,
waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye bodi.
Platini zikifumba, giza. Zikifumbuka, inawaka.
Elimu yenyewe ndiyo hiyo:
cheche huzaliwa pale zinapoachana.

Nikainama na mswaki wa zamani na mafuta ya taa
kusugua puli, nitafute alama ya kiwandani.
Nikaipata.
Na pembeni yake, upana wa punje ya mchele,
nyingine, imepinda, ya tupa,
ya mkono uleule uliochonga herufi za majina yetu
kwenye mipini ya majembe.

Fundi alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa.
"Hiyo ya themanini na tatu! Petroli ilikuwa ya kibali,
na hiyo ya kibali walishaichanganya.
Neno kuchakachua lilikuwa halijazaliwa, kazi yake ipo.
Injini inagonga kama mtu aliyefungiwa chooni.
Baba yako akaichelewesha, ikanyamaza."

Akaichelewesha.
Baba, aliyetuamsha saa kumi alfajiri,
aliyefika stendi ya Masasi
kabla kondakta hajapiga mswaki.

Nilitaka kumheshimu.
Nikageuza kichwa cha distribyuta hadi kwenye alama yake,
Esha akasema imewaka, nikakaza boliti.
Ikanguruma, ndiyo, lakini kwa uzito,
kama inayetafuta ruhusa.
Kupanda Newala na magunia sita
tulipitwa na mtu anayesukuma baiskeli
yenye madumu mawili ya uraka. Akatupungia mkono.
Rejeta ikachemka kona ya tatu.
Tukageuza.

Dhiki ile imepita, baba.
Petroli ya siku hizi ina ugonjwa mwingine, bei,
na huo hautibiki kwa bisibisi.

Kesho yake, mawe ya Mkomaindo bado yana baridi,
nikalegeza boliti tena.
Rota yake huzunguka kinyume cha saa;
ukitaka iwahi, kichwa unakipeleka upande wa saa,
taratibu, usikurupuke,
upana wa punje ya mchele, miaka arobaini.
"Imewaka," akasema Esha.
Nikairudisha, nikaileta tena.
"Imewaka palepale."

Dada akatoa rangi ya kucha, nyekundu,
akilalamika kwamba ni ya harusi.
Esha akapaka alama ya kiwandani,
akapuliza ikauke, akanitazama.
"Na hii nyingine? Niifute kwa tupa?"
Nikamwambia aiache. Petroli, nikasema, haiaminiki.
Jibu halikumridhisha.
Mimi pia.

Jioni tulipanda Newala kwa gia ya tatu,
vioo chini, harufu ya mabibo imejaa mpaka kwenye viti,
Esha anahesabu kona kwa sauti.
Kwenye ile ya tatu
mguu wangu ulijiinua wenyewe kutoka kwenye mafuta,
kidogo tu,
nisikilize kama inagonga.