Kulia

Ilianza kwenye kipilefti cha Kigogo,
Jumanne, mvua imekatika, lami bado inang'aa mafuta:
nikazungusha usukani kulia
na gari nalo likaanza kulia.
Si mlio wa kuomba. Mlio wa kusaga,
kinu kilichotiwa kokoto badala ya mahindi,
grrr, grrr, chini ya kiti, chini ya nyayo.
Nikanyoosha, likanyamaza.
Nikasema: litaacha.

Halikuacha.
Nikajifunza kuendesha kwa kukwepa,
Tabata hadi kazini Kurasini,
nikizunguka mitaa mizima ya watu kushoto, kushoto, kushoto,
ili nisikate kulia mara moja.
Nikapandisha sauti ya redio.
Redio ni fundi wa bei rahisi.

Jirani yangu Kihwelo, kwa uhakika wa mtu asiye na gari:
"Hayo ni mafuta ya steringi. Ongeza."
Nikaongeza. Likalia.
Fundi wa kwanza hata hakuinama:
"Sivii jointi hiyo, dada."
Laki moja na ishirini.
Akanikabidhi chuma cha zamani kwenye mfuko wa rambo
kama mkunga anayeonyesha kondo.
Kesho yake, Kigogo: grrr.

Ndipo Semeni wa ofisini akanielekeza Gerezani,
nyuma ya duka la betri, kwa Chande,
mtu mfupi mwenye kalamu sikioni asiyeandika kitu.
Hakuuliza mwaka wa gari.
Aliuliza: "Linalia ukikata wapi?"
"Kulia."
"Basi kulia ndiko linakolilia.
Ila anayelia ni kushoto."
Nikadhani ananitania.

Akaliinua kwa jeki, akasukuma gogo chini,
akashika tairi juu na chini, akalitikisa
kama mtu anayemwamsha mlevi.
Likacheza kidogo tu, unene wa kucha.
Akaweka kiganja kwenye springi,
akamwambia kijana wake, Mbwana: zungusha.
Akafumba macho.
"Lete mkono."
Nikauweka pembeni ya wake
nikasikia kwa ngozi: mtetemo, punje punje,
kitu kilichochoka kinajikanyaga.

"Ukigeuka kulia, gari lote linaegemea kushoto.
Wewe unatazama unakokwenda.
Uzito unakwenda upande wa pili."

Sikumjibu.
Nilimwona Tumpe, mdogo wangu, kule Mbagala,
anayemgeuza mama kitandani saa nane usiku
tangu nipate kazi hii yenye kiyoyozi,
asiyenipigia kuomba chochote,
ila sauti yake siku hizi ina mchanga ndani.

Beringi ya Japani, iliyotumika: elfu sitini na tano.
Ya Mchina, mpya, thelathini,
"lakini hiyo utarudi kabla ya Idi."
Mbwana akakimbia na habu mpaka kwa mwenye presi,
akarudi jasho limemchora ramani mgongoni.
Chande akaifuta ile mbovu kwa tambara:
gololi moja imemeguka, grisi imegeuka tope la kutu.
"Maji haya. Ulipita Jangwani ilipojaa?"
Nani hajapita kwenye maji mji huu?
Akacheka, akaomba elfu mbili ya soda ya Mbwana.

Saa kumi na mbili jioni, Bendera Tatu,
nikazungusha usukani kulia.
Nikasubiri.
Hakuna. Tairi na lami tu, wanasemezana.

Sikurudi Tabata.
Nilishika Barabara ya Kilwa na foleni yake yote,
pampasi za mama kiti cha nyuma, sukari kilo mbili,
redio imezimwa.
Karibu na Mtoni kitu kikaanza kugonga kwenye buti,
moyo ukanipasuka.
Nikasimama, nikashuka, nikafungua:
beringi ya zamani, niliyokataa kuitupa,
inabingirika peke yake huku na huku
kila nikatapo kona.