Mita Haina Haya

Bi Mwanaharusi wa Ngala hana salamu ndefu leo.
Ananielekeza kwa kijiko chenye krimu:
"Kiyoyozi kiko nyuma, fundi. Nikiwasha tu,
nyumba nzima inaingia kiza."
Mezani keki ya ghorofa tatu, ya harusi ya Ijumaa,
imeanza kuinama upande wa kibla
kama mtu anayesinzia hotubani.
Mawaridi ya sukari yanatoka jasho.
Nami pia.

Nyuma, sanduku limekaa juu ya matofali mawili,
chumvi imelila pembe zote.
Tsuma, kijana wangu, ameshafungua mdomo:
"Gesi hiyo."
Neno hilo mji mzima unalijua.
Kisipopoza, gesi. Kikipiga kelele, gesi.
Kikimdondoshea maji bwana harusi kitandani, gesi.
Nyamaza, namwambia. Lete mita.

Kwanza kapasita. Naitoa chaji, naipima: nzima, haina kosa.
Nyaya: panya hawajafika.
Nazichomoa tatu za kompresa, naziacha zining'inie,
namwambia Tsuma awashe.
Swichi kuu inatulia. Feni inazunguka,
inanitemea usoni vumbi la msimu mzima.
Basi mwizi si feni.
Zima.

Inabaki kompresa, chungu cheusi kisichofunuliwa na mtu.
Kichwani ina ncha tatu,
na baina ya ncha hizo na mwili wake wa chuma
pasiwe na njia, hata ya sisimizi.
Nakwaruza kutu mpaka shaba ing'ae. Nagusa.
Mita inalia.
Nahamia ncha ya pili. Inalia.
Naizima, naiwasha, nagusanisha vidole vyake viwili
nihakikishe haijarukwa na akili, narudi palepale.
Mlio uleule, mwembamba, mrefu,
kama wa mtoto anayechongea wenzake.

Tone la mafuta kwenye kitambaa cheupe:
jeusi, lanuka samli iliyosahauliwa motoni.
Koili zimeungua humo ndani, zimeshikana na chungu.

Hapo ndipo ninapouona utepe.
Wa kijani, umezungushwa bombani mara nne,
ncha yake imekunjwa kwa ndani.
Mkono gani hukunja hivyo?
Mkono huu.

Mwaka jana, Februari, joto la kupasua kichwa,
kazi tano zikinisubiri Casuarina,
nilikuja hapa, nikategea sikio, nikasema: gesi.
Nikaongeza. Geji sikuifunga. Nikaongeza tena
mpaka bomba likaota barafu, tukafurahi sote.
Elfu tatu na mia tano. Risiti sikuandika.
Na mwaka mzima kompresa ikameza
mzigo nisioupima.

Tsuma ananitazama.
Utepe anaujua. Mabaki yake yamo mkobani mwetu.

Ukumbini Bi Mwanaharusi anapima sukari kwa mizani,
anaongeza kwa ncha ya kisu, anapunguza,
anangoja namba itulie.
"Miaka yote hii, bado hukisii?"
"Nikikisia," anasema bila kuinua macho,
"anayeaibika ni bibi harusi, si mimi."

Maneno nilikuwa nayo tayari:
hewa ya bahari, umeme unaopanda na kushuka,
uzee, vitu vya siku hizi.
Yote ya kweli. Yote yangepita.
Naiweka mita mezani, kando ya mizani yake.
"Kompresa imekufa," nasema.
"Na niliyeiua ni mimi."

Kijiko kinasimama hewani. Krimu inadondoka.
Hanitukani. Wala hanisamehe.
"Tutahesabiana baada ya Ijumaa. Shika upande huo."

Na sisi watatu tukaitoa keki, hatua kwa hatua,
tukaipeleka duka la dawa la mtaa wa pili,
kwenye chumba cha baridi wanamoweka chanjo,
mimi nikienda kinyumenyume,
macho kwenye waridi la juu kabisa,
nikihesabu ngazi moja moja,
kwa sauti.