Pazia la Bwana Arokiasamy

Alianza na pua.
Watu wengine huanza na salamu.
Mwaka wa sabini na moja, Kodambakkam,
geti la reli limefungwa, treni ya Tambaram haionekani,
nami nina ndoo mkononi, mafuta ya nazi yananitiririka shingoni.
Akashuka kwenye Ambassador nyeusi,
akaunda dirisha kwa vidole vinne,
akaniweka ndani.

"Geuka. Tena. Cheka kidogo.
Macho haya, macho haya ni mali!"
Kisha dirisha likabomoka, vidole vikarudi mfukoni.
"Pua imepinda. Kamera haisamehi."
Akamchukua Kuzhali, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ya maji,
asiyejua hata anaitiwa nini.

Mwaka uliofuata Kuzhali alikuwa na urefu wa ghorofa tatu,
kachorwa kwenye ubao wa matangazo Barabara ya Mount,
mafundi wananing'inia kwa kamba wakimtia wanja.
Nilipita chini ya kidevu chake kila asubuhi
nikienda kushona vifungo.
Sikumwonea wivu.
Nilimwonea.
Filamu saba. Ya nane haikumalizika.
Vidonge, walisema wenye kusema. Moyo, liliandika gazeti.
Miaka ishirini na minne,
na ubao ukapigwa chokaa ili achorwe mwingine.

Sijui kilichompata Arokiasamy usiku ule.
Wapo wasemao alitembea pekupeku hadi kanisa la Santhome.
Ninachokijua ni hiki:
aliuza gari, akauza nyumba, akanunua bohari ya mikanda ya filamu
iliyokuwa bado inanuka siki,
akatundika pazia la khaki katikati,
akakaa upande mmoja na fedha zote alizochuma kwa macho.
Mwenye shida alikaa upande wa pili.
Karo. Nauli ya kumrudisha maiti Madurai.
Meno ya bandia ya mzee aliyekufa vitani katika filamu arobaini
bila jina lake kuandikwa popote.
"Sema," alikuwa akiwaambia, "ila usinionyeshe uso.
Nikiuona nitachagua."

Kutoa ni moyo, wanasema.
Yeye moyo wake hakuuamini hata kidogo.
Alitoa kwa masikio.

Nilikwenda mwaka wa themanini na tisa. Mwanangu, figo.
Akauliza hospitali, akauliza daktari, akauliza kiasi.
Nikaisikia kalamu ikikwaruza karatasi,
ndipo ulimi ukaniponyoka:
"Uso wangu ulikwisha kuuona, bwana.
Ulisema kamera haisamehi."

Feni ikazunguka. Ikazunguka.
"Ndoo," akasema. "Ulishika ndoo."
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo:
"Naweza kulifungua pazia?"

"Hapana," nikasema.
Neno lile nilikuwa nimelilea miaka kumi na minane.
Halikuwa tamu nilivyodhani.

Chini ya pazia ukapenya mkono wenye madoa ya uzee,
na kikombe cha chuma, kahawa imeumuka povu.
Nikainywa.
Sukari ilizidi.

Mwanangu alipata miaka mitatu zaidi. Naishukuru yote mitatu,
hata ule wa mwisho.
Mimi nikabaki bohari, nikitunza daftari,
nikiwaambia wasichana mlangoni wafute poda, haina kazi hapa.
Miaka kumi na mmoja nilimpelekea kahawa
nikiitazama mikono yake tu. Tulikuwa sare.

Alipofariki wapiga picha walifurika.
Wakaling'oa pazia wapate mwanga.
Alilala amevishwa asumini hadi kidevuni,
wakimsukuma huku na huku, kichwa kidogo kulia, hivyo, hivyo.
Nikawangoja waondoke.
Kisha nikasimama karibu, nikaunda dirisha kwa vidole vinne,
nikamtazama, kwa mara ya kwanza, bila haraka.

Pua yake, masikini,
nayo ilipinda.